Kulima mboga nyumbani kwenye ndoo, madumu na viroba: mwongozo kamili kwa mpangaji asiye na shamba

Mi nakaa Tabata, Dar, nyumba ya kupanga, wapangaji wanne uwanja mmoja, na sehemu aliyoniruhusu mama mwenye nyumba ni kichochoro tu kati ya ukuta wa fensi na tenki la maji, hatua tatu kwa hatua saba, chini zege tupu. Udongo hakuna hata wa kuzika kokwa ya embe. Ila hapohapo natoa mchicha, matembele, sukuma wiki, vitunguu majani, pilipili, na kipupwe kikiingia natoa na nyanya, yaani siku nyingi mboga ya usiku naenda kuichuma maji ya ugali yakiwa tayari yapo jikoni. Naandika kwa kirefu kwa sababu watu wengi ninaowajua walishajaribu wakaacha, ukiwauliza wanakwambia mi mkono wangu hauoti, na mi hilo siliamini kabisa. Mkono unaota. Tatizo waliutunza mmea wa ndoo kama mmea wa shamba.

Hili ndo la kuelewa kabla hujanunua hata mbegu. Shambani mmea ukikosa maji juu unashusha mizizi chini kuyatafuta, ukikosa chakula hapa unanyoosha mzizi pale. Kwenye ndoo hauna pa kwenda. Unakula ulichomwekea na unakunywa ulichompa, basi. Ndoo ni tumbo dogo, kwa hiyo ukilijaza sana linavimbiwa, ukilisahau siku mbili limekufa njaa. Kidogo kidogo, mara kwa mara. Mengine yote ntakayoeleza hapa chini yanatoka kwenye hilo moja.

Kwanza lijue jua lako

Kabla ya kuhangaika na vyombo, chukua siku moja ambayo upo nyumbani uangalie jua linapiga wapi. Saa 2 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni, kila saa hizo weka alama ya mkaa au chaki pale jua linapofika. Mboga za majani zinaridhika na masaa manne au matano ya jua, na kwa joto la pwani kivuli cha mchana kinazisaidia kabisa. Nyanya, pilipili, bilinganya, bamia, hizo zinataka masaa sita kwenda juu, ukiziweka kivulini zitarefuka tu na majani mazuri, tunda hulioni.

Alafu kuna kitu watu hawakijui, jua linahama. Kwa sisi wa Dar mwezi wa 6 jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, mwezi wa 12 linakaa kusini. Kwa hiyo ukuta ulioko kaskazini mwa bustani yako mwezi wa 6 unakutupia kivuli, na mwezi wa 12 sehemu ileile inaungua. Uzuri wa vyombo ndo huo, vinabebeka. Mi ndoo zangu za pilipili nazihamisha mara mbili kwa mwaka toka upande mmoja wa kichochoro kwenda mwingine.

Kama unakaa ghorofani fikiria uzito, hapa sitanii. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa ni kilo 25 mpaka 30. Kile kiroba kikubwa cha mboga ntakachoelezea huko chini kikilowa kinavuka kilo 150 bila shida. Kibaraza cha juu usikijaze viroba, weka ndoo chache na uzisogeze ukutani, sio kwenye ukingo. Na mwombe mwenye nyumba ruhusa mapema kabla hajaona maji ya matope yanatiririka kwenye sakafu yake, mi nilivyomwomba mama akakubali kwa sharti moja, nisizibe njia ya kwenda kwenye mita.

Vyombo

Usinunue vyungu vya maua, hela hiyo iweke kwenye udongo. Ndoo ya lita 20 iliyovunjika mkono, beseni lililopasuka, dumu la mafuta ya kula ulilolilaza ukakata ubavu mmoja likawa kama mtumbwi, kiroba cha mchele, tairi bovu, vyote vinafaa. Usitumie kabisa chombo kilichowahi kubeba dawa ya kilimo, rangi, oili chafu au tindikali ya betri, hata ukioshe mara kumi. Chakula unakula wewe na watoto.

Kina ndo cha kuangalia. Mchicha, chainizi, figili na giligilani zinatosheka na kina cha kiganja kimoja mpaka kimoja na nusu, kwa hiyo beseni linafaa. Sukuma wiki na spinachi zinataka sentimita 25 hivi. Nyanya na bilinganya, ndoo nzima ya lita 20 kwa mche mmoja. Mmoja! Watu wanaweka miche mitatu kwenye ndoo moja wakidhani watavuna mara tatu, wanaishia na vinyanya kama gololi.

Matundu ya kutoa maji toboa kwa msumari mnene uliopashwa moto kwenye mkaa, sita au saba chini, na mengine matatu ubavuni karibu na kitako ili chombo kikikaa flati kwenye zege maji bado yapate pa kutokea. Inua chombo kwa vipande vya tofali. Kokoto nyingi chini ya ndoo hazina kazi, zinapunguza tu nafasi ya udongo, na tumbo lenyewe ni dogo tayari. Mi naweka makumbi ya nazi chini, kiasi cha vidole viwili, yanazuia udongo usichuruzike na yanashika maji. Kama dumu au ndoo yako ni nyeusi, izungushie kipande cha kiroba cheupe au khanga kuukuu, jua la mwezi wa 1 linapika mizizi humo ndani.

Udongo, hapa tulia

Kama kuna sehemu moja ya kutumia muda na hela ni hii. Udongo wa uwanjani ukiuchota ukaujaza kwenye ndoo, baada ya wiki mbili za kumwagilia unakuwa tofali, maji yanapita pembeni yanatoka chini na katikati pamekauka. Na wa pwani wenye mchanga mwingi ni kinyume chake, maji na mbolea vyote vinapita kama kwenye chujio. Lazima uchanganye.

Kipimo changu ni ndoo tatu za udongo mweusi wa juu, ndoo mbili za samadi iliyooza vizuri, na ndoo moja ya pumba za mpunga, yale maganda yenyewe ya mashineni. Kama udongo wako ni mfinyanzi ongeza ndoo moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Udongo mweusi unapatikana kwa wale wauza maua wa barabarani, wanauza kwa kiroba. Usichote karibu na gereji, jalala, karibu na choo cha shimo wala pembeni ya barabara kubwa. Gereji na betri zinaacha madini ya risasi kwenye udongo, madini hayo hayaonekani, hayana harufu, na ni mabaya zaidi kwa watoto.

Samadi iliyooza utaijua hivi. Ichukue mkononi, haina joto, hainuki mkojo, inanukia kama udongo baada ya mvua, na huoni tena nyasi alizokula ng'ombe. Ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, inataka kukaa miezi miwili mpaka mitatu imelowa na kufunikwa. Mi hili nililijifunza kwa hasara, msimu wangu wa kwanza nilitoa mbolea ya kuku bandani kwa jirani leo, kesho nikapanda miche kumi na nane ya sukuma, siku ya tatu kingo za majani zikawa kahawia kama zimepitiwa na moto, wiki haikuisha yote imekauka. Niliumia sana maana ile miche niliiotesha mwenyewe tangu mbegu. Mbolea mbichi inaunguza mizizi, na kwenye ndoo mzizi hauwezi kuikimbia.

Ukishachanganya kwa koleo mara tatu au nne, nyunyiza maji kidogo, alafu kamata ngumi moja ukamue. Ukifungua mkono donge linatakiwa libaki limeshikana, ukiligusa kwa kidole linavunjika. Likibaki gumu kama kitonge cha ugali ongeza pumba, lisiposhikana kabisa ongeza samadi. Ufunike na kiroba uache wiki mbili ndo upande. Najua una haraka, ila subiri hizo wiki mbili.

Wakati unasubiri anza mboji yako. Ndoo yenye kifuniko itoboe matundu pembeni na chini, weka majani makavu kiganja kimoja, maganda ya ndizi, ya viazi na ya vitunguu, majani ya chai, maganda ya mayai uliyoyaponda, alafu tena majani makavu juu, kila ukiweka mabichi funika na makavu. Nyama, samaki na mafuta usiweke, utaita panya. Machicha ya nazi weka kidogo sana na uyachanganye na makavu maana yanachacha na sisimizi wanajaa. Geuza kwa mti mara moja kwa wiki. Kwa joto letu miezi miwili au mitatu inakuwa nyeusi, hiyo ndo utakayoongezea kwenye vyombo kila ukimaliza mavuno.

Kiroba cha mboga, hatua kwa hatua

Hii ndo mtambo wangu mkuu. Wenzetu wa Nairobi, Kibera, wamelima sukuma hivi kwa miaka, maana kiroba kimoja kinachukua nafasi ya kiti kimoja lakini kinabeba miche thelathini na zaidi, inaota mpaka ubavuni.

Tafuta viroba viwili vya salfeti vya kilo 100, uvae kimoja ndani ya kingine, kwa sababu jua linakula salfeti na kimoja peke yake hakimalizi mwaka. Kunja mdomo kwa nje mpaka kiroba kiwe kifupi kama beseni, utakuwa unakikunjua unavyojaza. Kiweke palepale kitakapoishi, ukishakijaza hukisogezi tena.

Sasa chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, lile la bati, ukate kitako chake libaki bomba la wazi juu na chini. Tandaza udongo ndani ya kiroba kiasi cha kiganja, simamisha kopo katikati, lijaze kokoto za ukubwa wa yai la kware au vipande vya tofali. Jaza udongo kuzunguka kopo mpaka ulingane na mdomo wake, gandamiza kwa mkono kidogo tu. Alafu shika kopo kwa mikono miwili ulizungushe huku na huku ukilivuta juu taratibu, kokoto zitabaki zimesimama katikati kama nguzo na udongo utazikumbatia. Acha mdomo wa chini wa kopo uingie kidogo kwenye kokoto zilizobaki, jaza tena kokoto, jaza tena udongo, vuta tena. Hivo hivo mpaka ufike usawa wa kiuno. Ile nguzo ndo njia ya maji, bila hiyo ukimwagilia juu chini hapajui kama umemwagilia, na miche ya chini ndo inaanza kufa.

Acha kitulie siku mbili tatu ukimwagilia, udongo utashuka, ongeza. Alafu chukua kisu, chana ubavuni vidirisha vidogo vya upana wa vidole viwili, kimoja na kingine wacha shubiri moja, na mstari wa juu usilingane na wa chini, pishanisha. Chimba kila dirisha kwa kijiti kinachoelekea chini, ingiza mzizi wote wa mche ndani, shingo ya mche ibaki usawa wa kiroba, bana na udongo wenye unyevu. Panda jioni, sio mchana. Ubavuni sukuma wiki, spinachi, chainizi. Juu weka vitunguu majani au pilipili mbili. Upande ambao jua haligusi usipande sukuma, weka spinachi, na kama ni giza kabisa acha wazi.

Uanze na nini

Usianze na nyanya, nakuomba. Nyanya ina magonjwa mengi na inakaa muda mrefu, ikifa unakata tamaa na bustani nzima. Anza na matembele, hata mbegu hununui. Nenda sokoni nunua fungu lenye mashina marefu, chambua majani upike, mashina usitupe. Kata vipande vyenye vifundo vinne, fukia vifundo viwili kwenye udongo uliolowa vimelala kidogo, acha viwili juu, weka kivulini wiki moja ukimwagilia kila siku. Wiki ya pili unaona vichipukizi, wiki ya tano au sita unachuma, na ukiwa unakata ncha tu badala ya kung'oa yatakupa miezi na miezi. Kile kitunguu majani nacho usitupe kitako chenye mizizi, kata vidole viwili juu ya mzizi urudishe ardhini. Mchaichai vilevile, weka shina kwenye glasi ya maji likitoa mizizi lipe ndoo yake peke yake maana linasambaa.

Mchicha ndo wa pili. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, changanya kijiko kimoja cha chai na kikombe cha mchanga mkavu ndo unyunyize kwenye beseni, ukinyunyiza mbegu tupu zinarundikana sehemu moja. Funika na udongo mwembamba sana, weka juu kipande cha kiroba au nyasi, siku ya tatu mpaka ya tano zikitokeza toa mara moja. Wiki ya pili na ya tatu unang'oa iliyobanana unakula, inabaki yenye nafasi ya vidole vinne, wiki ya nne unaikata kiganja kimoja kutoka chini inachipua tena. Ukikata mara tatu inaanza kuweka maua, ng'oa, ongeza mboji, panda upya. Mi nina mabeseni manne na kila Jumamosi napanda moja, kwa mpangilio huo mchicha haukatiki nyumbani, wakati mwanzoni nilipanda yote siku moja, wiki moja nikawa nagawia wapangaji wote na wiki tatu zilizofuata narudi sokoni kununua fungu la mia tano.

Sukuma wiki na chainizi zioteshe kwanza kwenye vikopo vya mtindi au trei ya mayai ya karatasi, mbegu moja moja, kina cha nusu sentimita. Zikifika majani manne au matano ya kweli, ni kama wiki nne, hamishia kwenye kiroba. Sukuma unachuma majani ya chini, ukiacha yale matano sita ya juu siku zote, na ukiwa mvumilivu mti mmoja unakulisha nusu mwaka. Giligilani zisugue kidogo mbegu zipasuke kabla ya kupanda, na zipande kipupwe, kwenye joto la mwezi wa 1 zinakimbilia maua. Mnafu, figili na kunde za majani, panda moja kwa moja, hazina makuu.

Maji

Kidole ndo kipimo, kichomeke kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Pakiwa na unyevu acha, pakiwa pakavu mwagilia. Usimwagilie kwa saa wala kwa mazoea, wakati wa masika unaweza kukaa siku tatu bila kumwagilia na wakati wa kaskazi ukahitaji asubuhi na jioni. Beseni la mchicha linakunywa lita moja hivi kwa siku ya jua, ndoo ya nyanya yenye matunda lita mbili mpaka tatu, na kiroba changu lita tano asubuhi na tano jioni, nyingi naimimina kwenye ile nguzo ya kokoto. Mwaga polepole mpaka maji yaanze kudondoka chini. Saa 6 mchana usimwagilie majani, mwaga kwenye shina.

Kwetu bomba linatoka mara mbili kwa wiki, kwa hiyo nimejifunza kubana. Maji ya kuosha mchele, maharage na mboga yote yanaenda bustanini. Maji ya kufulia kwa sabuni ya unga hapana. Maji ya kisima onja kwanza, visima vingi vya Dar vina chumvi, na ukiyatumia siku zote utaona ncha za majani zinakauka na juu ya udongo panatoka unga mweupe kama chumvi ya mezani. Ukilazimika kuyatumia, kila wiki mbili mwaga maji mengi yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, mpaka yapite chini yasafishe chombo. Na funika udongo, hili ni la bure kabisa, nyasi kavu au majani makavu ya mwembe kiasi cha vidole vitatu, udongo unakaa na unyevu muda mrefu zaidi.

Ukisafiri siku mbili, chupa ya lita moja na nusu itoboe matundu madogo mawili kwenye kifuniko kwa sindano ya moto, ijaze maji, ichomeke kichwa chini karibu na mzizi. Inatosha ndoo moja, ila sio ya nyanya yenye matunda.

Kulisha

Baada ya wiki nne hivi kile chakula ulichochanganya kinaanza kuisha, maana kila ukimwagilia unakiosha kidogo. Majani ya chini yakigeuka njano taratibu ndo njaa hiyo. Tia kilo tatu za samadi kwenye mfuko wa salfeti, funga, ning'iniza ndani ya ndoo ya lita 20 ya maji, funika, koroga kila siku siku kumi. Chota jagi moja la hiyo, ongeza majagi matatu ya maji, iwe rangi ya chai nyepesi, mwaga kwenye udongo kila baada ya wiki mbili. Usimwage kwenye majani unayokula, na acha kabisa wiki mbili kabla ya kuvuna, alafu mboga osha vizuri kwa maji yanayotiririka.

Mbolea ya dukani siikatai ila kwenye ndoo ni kipimo cha kijiko cha chai. Urea kijiko kimoja cha chai kwenye lita 10 za maji, kwa mboga za majani tu, udongo ukiwa umeshalowa. Nyanya usiipe urea ikianza maua, itakupa msitu wa majani.

Nyanya, ukishazoea

Otesha mwezi wa 4 mwishoni au wa 5 ili ikue kwenye kipupwe, masika inaleta ukungu na joto la kaskazi linadondosha maua. Kwa ndoo mi napenda Tanya, ni mbegu iliyotoka Tengeru kule Arusha, mti wake ni mfupi na tunda ni gumu, na mbegu yake unaweza kuitunza mwenyewe. Mche ukifika unene wa kalamu, wiki ya nne hivi, uzike mpaka karibu na majani ya kwanza, shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi. Simika mti wa kuuegemeza wa mita moja na nusu siku hiyohiyo, ukisubiri utakata mizizi. Majani yanayogusa udongo kata. Asubuhi saa 3 au 4 tikisa matawi yenye maua kidogo, kwenye kichochoro chenye kuta upepo ni mdogo na hiyo inasaidia tunda kushika.

Tunda likiwa jeusi kitakoni watu wanakimbilia dawa, sio ugonjwa wa kupuliza. Ni maji yanayoruka, leo mengi kesho hakuna, mmea unashindwa kupeleka chokaa kwenye tunda. Usiruke maji, unyevu ukae sawa siku zote, na matunda yanayofuata yatakuwa mazima. Ukiona majani yana mistari kama ramani iliyochorwa ndani na matunda yana vitobo, huyo ni kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, toa majani hayo yote na matunda, yafunge kwenye mfuko yakae juani. Mti ukinyauka ghafla ukiwa kijani, ng'oa na mzizi wake, udongo ule usirudishe nyanya. Na hata ukiwa mzima, udongo uliotoa nyanya usipande tena nyanya, bilinganya, ngogwe, hoho, pilipili wala mnafu, hao ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni mamoja. Weka mchicha au kunde.

Wadudu

Pita kila asubuhi ugeuze majani uangalie chini yake, dakika tano tu. Vidukari wachache unawaponda kwa vidole, ukichelewa wiki ni maelfu. Maji ya sabuni ya mche, kijiko kimoja cha chai cha sabuni iliyokwanguliwa kwenye lita moja, puliza jioni chini ya majani, inaua vidukari na inzi weupe. Kwa viwavi tumia mwarobaini, kilo moja ya majani mabichi yaliyotwangwa kwenye lita tano za maji yalale usiku mmoja, chuja, ongeza sabuni kidogo, puliza jioni hiyohiyo maana jua linaimaliza nguvu, rudia kila wiki. Utitiri mwekundu unakuja wakati wa ukavu, majani yanakuwa na vidoti vya njano na utando, huo mpige maji ya nguvu chini ya majani siku tatu mfululizo. Konokono okota usiku kwa tochi. Kuku wa jirani, wavu.

Mbegu za msimu ujao

Acha mche mmoja wa mchicha, ule ulionenepa kuliko yote, usiukate kabisa. Utaweka masuke, subiri mpaka ukiyagusa mbegu nyeusi zinadondoka mkononi, kata yote uyaweke ndani ya mfuko wa khaki uning'inize ndani siku tano, alafu yasugue juu ya gazeti na upeperushe makapi kwa kupuliza kwa mdomo. Tanya unachagua tunda lililoiva sana kutoka mti usio na ugonjwa, kamua mbegu kwenye glasi na maji kidogo, acha siku mbili mpaka ule utelezi uachie, osha, anika kivulini kwenye sahani, sio kwenye karatasi, zinang'ang'ania. Zile za pakiti zilizoandikwa F1, yaani mbegu chotara, usihangaike kuzitunza, zinazotoka hazifanani na mama yao. Mbegu zikikauka kabisa zitie kwenye chupa ndogo pamoja na kijiko cha majivu makavu, andika jina na mwezi kwa kalamu isiyofutika, weka kabatini mbali na jiko. Mchicha niliotunza hivi mwaka jana bado naupanda kila Jumamosi.